Binti anakwenda Köln: akae karibu na mto au ng'ambo?

*Swali:* Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Lushoto. Kitindamimba wangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi mjini Köln, Ujerumani, kwa miaka 3, na ataondoka baada ya miezi michache. Ametafutiwa vyumba viwili achague. Kimoja kiko Rodenkirchen, mtaa mzuri, hatua chache kutoka mto Rhine, lakini ni chumba cha chini, dirisha lake liko sawa na majani ya bustani. Kodi yake ni nafuu. Cha pili kiko ghorofa ya 3 huko Kalk, ng'ambo ya mto, na kodi yake imezidi kidogo. Kijana wa jirani aliyewahi kusoma huko anasema Kalk ni upande mbaya, asiende. Mke wangu naye hataki kusikia habari ya mto, maana mwaka 2021 tuliona kwenye televisheni watu wakisombwa na maji huko huko Ujerumani. Mimi nina langu la kizee: ujanani nilikuwa nasikiliza redio ya Ujerumani kutoka Cologne. Je, Cologne ndiyo Köln? Na nimesikia mji wote ulibomolewa na mabomu, kwamba kinachoonekana leo ni cha kuigiza. Binti anakwenda kwenye mji wa kale kweli?

*Jibu:* Shikamoo Mwalimu, na hongereni nyumba nzima. Umeuliza mengi, lakini naona hofu ni moja: mtoto anakwenda mahali ambapo wazazi hamjapaona, na kila anayewasimulia anawapa kipande chake. Nimeishi Köln miaka 22, na kazi yangu ni historia ya mji huu na kuwatembeza wageni ndani yake. Nianze na jibu lenyewe ili mama apumue. Chumba cha Rodenkirchen asikichukue. Kosa lake si kuwa karibu na mto, kosa ni kuwa chini. Kalk aende, na nitaeleza kwa nini huyo kijana wa jirani amesema alichosema.

Ndiyo, Cologne ndiyo Köln. Cologne ni matamshi ya Wafaransa na Waingereza, na wenyeji wanasema Köln. Majina yote mawili yametoka kwenye neno moja la Kilatini, *colonia*, yaani koloni. Wakati Warumi wanatawala ukingo huu palikuwa na makazi ya kabila la Waubii. Mwaka 15 alizaliwa hapa Agrippina, aliyekuja kuwa mke wa Kaisari Klaudio, na mwaka 50 kwa ajili yake mahali alipozaliwa pakapewa hadhi ya koloni la Kirumi. Jina lake kamili lilikuwa refu, lakini watu wakabaki na neno la kwanza tu. Mimi mtoto wa Tanga, niliyesoma shuleni habari za Wajerumani walivyokuja kututawala, nilishtuka nilipojua kwamba mji wao wa nne kwa ukubwa mpaka leo unaitwa "koloni". Huwa nawaambia hilo wageni kutoka kwetu kabla ya kuwaonyesha jengo lolote.

Na redio yako ilikuwa hapa. Deutsche Welle ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1963 kutoka Köln, na sauti ulizozisikia zilitoka mji huu mpaka mwaka 2003, shirika lilipohamia Bonn, umbali wa nusu saa hivi kwa treni. Mnara mrefu ambao watangazaji walikuwa wakifanyia kazi uliangushwa kwa baruti mwezi Agosti 2021. Nilikwenda kuangalia. Ulishuka kwa sekunde chache, na nikawakumbuka wazee wa nyumbani waliokuwa wakigeuza antena jioni, nyumba nzima imenyamaza.

Sasa kuhusu kuigiza. Aliyekuambia mji ulibomolewa hakukudanganya. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1942 Waingereza walileta ndege zaidi ya 1,000 kwa mkupuo, mara ya kwanza katika vita vile, na hapo ilikuwa bado sana kwisha: mashambulizi ya anga juu ya Köln yalifika 262. Mji wa katikati ulibomoka kwa zaidi ya asilimia 90. Vita ilipofika ukingoni, Machi 1945, upande wa kushoto wa mto ambako ndiko kiini cha mji, walibaki watu kama 40,000 tu kati ya mamia kwa maelfu. Tarehe 6 mwezi ule jeshi la Ujerumani lenyewe, likikimbilia ng'ambo, lililipua daraja la Hohenzollern.

Kwa hiyo binti yako akitembea katikati ya mji ataona nyumba nyingi za miaka ya 1950, za sura ya kawaida, zilizojengwa haraka kwa sababu watu walikuwa hawana pa kulala. Wageni hukunja uso: walitarajia mji wa picha za kalenda. Mimi nawaomba wasitazame kuta, watazame njia. Barabara ya maduka iitwayo Hohe Straße inapita palepale ilipopita barabara kuu ya Warumi kutoka kaskazini kwenda kusini. Mabomu yaliangusha nyumba, lakini waliorudi walijua kiwanja cha nani kinaishia wapi na uchochoro gani unatokea kanisa gani, wakajenga juu ya mistari ileile. Makanisa 12 ya kale yaliyotangulia Kanisa Kuu yalirudishwa jiwe kwa jiwe, kazi iliyokwenda mpaka miaka ya 1980. Kurudisha hivyo sikuiti kuigiza, Mwalimu. Mtu aliyeungua nyumba akaijenga tena palepale, kwa kipimo kilekile, bado anakaa kwao.

Kanisa Kuu lenyewe, wanaloliita Dom, lina uongo wake unaopenda kusimuliwa: kwamba marubani waliliacha makusudi. Lilipigwa na mabomu mazito 14. Halikuanguka kwa sababu ya namna lilivyojengwa: si kuta nene, ni mifupa ya mawe, nguzo na matao yanayoegemeana, na katikati yake nafasi wazi. Mshindo wa bomu ulipata pa kutokea. Msingi wake uliwekwa mwaka 1248, ujenzi ukasimama karibu na mwaka 1560 fedha na hamu vilipokwisha, na winchi ya mbao ikabaki juu ya mnara ambao haujakamilika kwa zaidi ya miaka 300. Kazi ilianza tena mwaka 1842 na kumalizika 1880. Kwa miaka 4 hivi likawa jengo refu kuliko yote duniani, mita 157. Mpaka leo lina karakana yake ya mafundi mawe wa kudumu, maana mvua na moshi havipumziki. Ngazi za kupandia mnara ni 533. Binti apande siku ya kwanza ya mapumziko, kabla baridi haijaingia.

Lakini ukale halisi wa Köln uko chini ya miguu, na hapa ndipo nataka unifuate, kwa sababu ndipo jibu la chumba lilipo. Mwaka 1941, watu walipokuwa wakichimba handaki la kujikinga na mabomu kando ya Dom, walikuta sakafu nzima ya chumba cha kulia cha tajiri wa Kirumi, imepambwa kwa vijiwe vya rangi, picha ya Dioniso, mungu wa mvinyo, katikati. Haikuhamishwa, baadaye makumbusho yalijengwa juu yake. Chini ya ukumbi wa mji kuna kuta za ikulu ya gavana wa Kirumi. Pembeni yake ni mtaa wa kale wa Wayahudi, ambao habari zao hapa zinaanzia mwaka 321, katika amri ya Kaisari Konstantino kuhusu halmashauri ya Köln. Hakuna andiko la zamani zaidi linalowataja Wayahudi kaskazini mwa milima ya Alps. Walifukuzwa mjini mwaka 1424, wakarudi baada ya karne kadhaa, na yaliyowapata chini ya Wanazi unayajua.

Chini huku pia kuna hatari, na sipendi kuficha. Mabomu ambayo hayakulipuka yangali ardhini. Juni 2025 yalipatikana matatu ya Kimarekani huko Deutz, ng'ambo ya mto, kwa siku moja, na watu zaidi ya 20,000 wakaondolewa majumbani mpaka mafundi walipoyategua. Likimkuta binti jambo kama hilo, watu wa mji watagonga mlango. Achukue pasi, dawa na chaja, atoke, atarudi usiku. Si jambo la kulia, hapa watu wamelizoea kama sisi tulivyozoea umeme kukatika. Na tarehe 3 Machi 2009 nyumba ya nyaraka za mji iliporomoka ndani ya shimo la ujenzi wa treni ya chini ya ardhi. Vijana wawili wa nyumba za jirani walikufa, na kumbukumbu za miaka elfu moja zikaingia kwenye matope na maji. Nilikuwa na kibali cha kusoma faili pale wiki iliyofuata. Sehemu kubwa imeokolewa, karatasi kwa karatasi, na bado inasafishwa na kuunganishwa. Siku hiyo niliwaona watu wazima wakilia barabarani kwa ajili ya nyaraka, na nikauelewa mji huu vizuri kuliko nilivyouelewa kwenye vitabu.

Tuje kwenye mto, Mama asogee karibu.

Mlichokiona kwenye televisheni tarehe 14 na 15 Julai 2021 kilikuwa cha kweli na kilikuwa kibaya sana. Zaidi ya watu 180 walikufa Ujerumani, wengi wao katika bonde la mto Ahr. Lakini Ahr si Rhine. Ninyi ni watu wa Usambara, mnazijua tabia za maji ya milimani. Kijito cha korongoni asubuhi unakivuka kwa kuruka. Ikinyesha juu huko, jioni kinabeba mawe na ng'ombe. Ahr ni wa namna hiyo: mwembamba, bonde lake limebanwa na miamba, mvua ya siku moja inashuka yote kwa saa chache, usiku, watu wamelala. Rhine ni kama Pangani inapofika Korogwe, mara nyingi zaidi kwa ukubwa. Unakusanya maji kutoka Uswisi, kutoka mito ya Mosel, Main na Neckar. Ili ujae lazima inyeshe siku nyingi mahali pengi, na wimbi lake linachukua siku kadhaa kufika Köln. Watu wanaliona likija, wanatangaziwa, wanajipanga.

Ukingoni, mjini kati, kuna kinara chenye saa ambayo haisomi saa. Mshale mdogo unaonyesha mita za kimo cha mto, mkubwa unaonyesha sehemu za kumi za mita. Siku za kawaida husoma mita 3 hivi. Ikifika 6.20 meli zinapunguziwa mwendo, ikifika 8.30 meli zote zinasimama. Krismasi ya 1993 ilisoma 10.63, na Januari 1995 ikasoma 10.69, maji yakapita juu ya kinga za wakati ule ambazo ziliishia mita 10. Mji wa kale wa ukingoni ukawa wa mitumbwi. Cha kutazamwa hapo ni hiki: mara ya pili maji yalikuwa juu zaidi, lakini hasara ilikuwa ndogo zaidi sana, kwa sababu watu walishajifunza mwaka mmoja nyuma kutoa vitu vyao chini. Baadaye zikajengwa kinga za mita 11.30 mahali pengi na 11.90 penginepo. Sehemu yake ni kuta za chuma za kupachika, zinazotolewa ghalani na kusimamishwa pale tu mto unapopanda. Kuna na mabonde yaliyoachwa wazi ili mto upewe pa kumwaga maji kabla haujaingia mitaani.

Warumi walilijua hili kabla yetu. Walijenga mji wao juu ya uwanda ulioinuka ambao maji hayafiki, ndiyo maana Dom halijawahi kuogelea. Mbele ya uwanda ule palikuwa na kisiwa, na kati ya kisiwa na mji mkono wa mto uliokuwa bandari. Mkono ule ukajaa mchanga, kisiwa kikaungana na mji, na ndicho leo mji wa kale wa watalii wenye nyumba za rangi. Uko chini kwa sababu ulikuwa kisiwa. Mtu asiyejua anaona mji mmoja tambarare, kumbe ardhi yenyewe inakumbuka.

Basi kwa nini nakataa chumba cha Rodenkirchen kama kinga zipo? Kwa sababu kinga inazuia maji yanayokuja kwa juu, na maji hupenda kupita chini. Köln imekaa juu ya kokoto. Rhine ukikaa juu kwa siku nyingi, maji ya ardhini nayo yanapanda taratibu ndani ya zile kokoto, nyuma ya ukuta, mpaka yanachungulia kwenye sakafu za chini. Na mvua kubwa ikinyesha, mabomba ya maji machafu yanashiba. Kama nyumba haina valvu ya kuzuia, maji yanarudi kwa njia ya choo na bomba la bafu. Julai ile ya 2021 shida kubwa ya Köln haikutoka mtoni, ilikuwa mvua kwenye vyumba vya chini. Maji yakisimama nusu mita nje ya mlango, mtu mzima mwenye nguvu zake hawezi kuusukuma. Ndiyo maana huku watu wa uokoaji hurudia neno moja: usishuke chini kuokoa vitu. Binti yako asingekuwa na haja ya kushuka, angekuwa amelala hukohuko.

Kuna na sababu ndogo za kila siku. Chumba cha chini hakipati jua, na kuanzia Novemba mpaka Februari jua lenyewe ni haba. Nguo zinakaukia ndani, ukuta unatoa ukungu, kifua kinaanza. Kodi nafuu unairudisha kwenye gharama ya kupasha chumba joto. Hapo mwulizeni mwenye nyumba kitu kimoja: bei mliyopewa ni kodi tupu au ni pamoja na joto na maji? Wajerumani wanatofautisha *Kaltmiete* na *Warmmiete*, kodi ya baridi na kodi ya moto, na wageni wengi hulinganisha ya baridi ya nyumba hii na ya moto ya nyumba ile. Pengine ile tofauti mnayoiona kati ya vyumba viwili haipo kabisa. Ingekuwa Rodenkirchen ghorofa ya 2, ningesema achukue afurahi. Ni mtaa mtulivu na ukingo wake una fukwe ambako watu hukaa jioni za kiangazi.

Kalk sasa. Wenyeji wa kushoto wana msemo, *schäl Sick*, upande wa makengeza, wakimaanisha ng'ambo yote ya kulia. Wazee husimulia kwamba ulitokana na farasi waliovuta mashua kupandisha mto: walizibwa jicho moja wasipofushwe na mng'ao wa maji, hivyo wakawa hawaioni ng'ambo. Dharau yenyewe ni ya kale kuliko farasi hao. Rhine ulikuwa mpaka wa dola ya Kirumi, na ng'ambo walikaa "wale wengine". Mwaka 310 hivi Konstantino alijenga daraja na ngome upande ule, Divitia, ambayo ndiyo Deutz ya leo. Baadaye Köln, mji wa Kikatoliki, iliwabana Waprotestanti, na wafanyabiashara wao walipofukuzwa mwaka 1714 walihamia Mülheim, ng'ambo, wakaistawisha. Viwanda vilipokuja vilikwenda ng'ambo pia. Injini ya gesi ya mipigo minne, baba wa injini inayosukuma bodaboda kupanda milima ya Lushoto, ilitengenezwa Deutz na Nikolaus Otto mwaka 1876. Kalk iliingizwa ndani ya Köln mwaka 1910 ikiwa mji wa moshi na wafanyakazi. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, kile kikubwa cha kemikali mwaka 1993, na umaskini ukabaki.

Kwa hiyo kijana wa jirani amebeba dharau ya miaka mingi bila kujua umri wake. Ukweli ni kwamba Kalk ina kelele, ina watu wasio na kazi, ina pembe ambazo usiku wa manane binti asipite peke yake. Pia ina maduka ya vyakula vya Kiafrika na Kituruki, makao makuu ya polisi wa mji, vijana wengi wanaosoma, na treni inayovuka mto kukufikisha katikati kwa dakika 10 hivi. Muuguzi anayeanza zamu saa 12 asubuhi anahitaji treni kuliko mandhari. Kabla ya kusaini aangalie hospitali yake iko upande gani, maana akiwa wa kwenda mbali kaskazini magharibi, nitabadili ushauri na kusema atafute cha tatu.

Ataishi kati ya watu wa namna gani? Mji umezoea wageni kwa sababu umeishi kwa wageni. Kuanzia mwaka 1259 wafanyabiashara wote waliopita na bidhaa mtoni walilazimika kushusha hapa na kuziuza kwa siku 3 kabla ya kuendelea. Haki hiyo ya mji ilidumu mpaka mwaka 1831. Baada ya vita vibarua walikuja kwa mamia kwa maelfu kutoka Italia, Ureno na Uturuki. Kwenye kituo cha treni cha Deutz, Septemba 1964, alipokelewa mgeni wa milioni moja, Mreno aitwaye Armando Rodrigues de Sá, akapewa pikipiki. Leo mtaa wa Ehrenfeld una msikiti mkubwa wenye kuba la zege na kioo, na chuo kikuu cha hapa kinafundisha Kiswahili. Lakini lipo na jingine. Juni 2004 wafuasi wa Kinazi mamboleo walitega bomu la misumari mtaa wa Waturuki, Keupstraße, watu 22 wakajeruhiwa, na kwa miaka mingi polisi waliwashuku wenye maduka wenyewe mpaka ukweli ulipojulikana mwaka 2011. Na usiku wa kuamkia mwaka 2016 makundi ya wanaume waliwadhalilisha wanawake wengi mbele ya kituo kikuu, wengi wa walioshukiwa wakiwa wahamiaji. Tangu hapo polisi hujaa pale sikukuu, na macho ya baadhi ya watu kwa mgeni mweusi yakawa makali zaidi. Binti atakutana na wema mwingi na ukali wa hapa na pale, tena siku moja. Ni afadhali ajue kabla.

Kuhusu karnivali, msishtuke mkisikia. Inafunguliwa tarehe 11 Novemba, saa 5 na dakika 11 asubuhi, na mwezi Februari au Machi, kuanzia Alhamisi kabla ya Jumatano ya Majivu, mji mzima unavaa mavazi ya kuigiza, unaimba na kunywa. Hospitali zina kazi nyingi siku hizo. Asiyekunywa hachekwi akikataa, ila akae mbali na mitaa ya baa baada ya giza.

Kuna mtaa mmoja katika eneo la Nippes ambao nafikiri atautafuta mwenyewe: Usambarastraße. Eneo lile lilipewa majina ya makoloni ya Kijerumani, na mojawapo ya mitaa yake ilibeba jina la Carl Peters, ambaye kwetu hahitaji maelezo. Jina hilo baadaye liliondolewa. Mtoto wa Lushoto atasimama chini ya kibao kile akiwa na kitambulisho cha mwanafunzi wa uuguzi, na sijui mgeni wangu yeyote ambaye ningependa zaidi kumpeleka pale.

Yale ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza ni haya. Msitume fedha yoyote kabla ya mtu mnayemwamini kuingia ndani ya chumba kwa miguu yake. Matapeli wa vyumba ni wengi, na ishara yao ni mwenye nyumba "aliye safarini" anayetaka malipo kwanza. Dhamana kisheria haizidi kodi tupu ya miezi 3. Shule ya uuguzi ina ofisi ya wanafunzi wa kigeni, binti awaandikie leo, awaombe mtu wa kwenda kukiona chumba cha Kalk na aulize kama wana bweni. Shirika la maji machafu la mji, Stadtentwässerungsbetriebe, lina ramani ya mafuriko ya nyumba kwa nyumba: andika mtaa na namba, utaona maji yangefika wapi. Mkataba wa Kijerumani asisaini bila kusomewa na mjuzi. Chama cha wapangaji husaidia kwa ada ya uanachama. Akikuta ukungu ukutani au maji sakafuni baada ya kuhamia, apige picha, amwandikie mwenye nyumba siku hiyo hiyo, na kama kifua kinambana aende kwa daktari, asingoje likizo. Akikata bima ya vyombo vya ndani aulize kwa kutaja neno *Elementarschäden*, maana bima ya kawaida hailipi mafuriko. Na ndani ya wiki 2 tangu ahamie, aende ofisi ya mji kujiandikisha akiwa na karatasi ya uthibitisho kutoka kwa mwenye nyumba. Bila karatasi hiyo kufungua akaunti ya benki na kuhuisha kibali cha kuishi vitamsumbua, kwa hiyo mwenye nyumba akikataa kuitoa, hicho chumba nacho akiache.